Kigongo, Kibiongo na Kifua Kikuu: Uvimbe wa Mgongo katika Historia ya Tanganyika ya Kaskazini

Makala haya yanahusu uvimbe unaojitokeza mgongoni mwa mtu ambaye kwa miezi mingi amekuwa akilalamikia maumivu, pamoja na majina ambayo lugha yetu imeupa. Hatudai kwamba kila uvimbe wa namna hiyo una asili moja: upo wa mafuta usiodhuru, lipo jipu, ipo saratani. Tunaoushughulikia ni ule utokanao na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa kuwa historia yake katika Maziwa Makuu ni ndefu kuliko ilivyodhaniwa, na kwa kuwa jina la ugonjwa wenyewe limechangia kuuficha.

Asimamaye asubuhi kwenye njia ziingiazo Uvira kutoka milimani huwaona wanawake wameinama chini ya kuni, makaa na mihogo, kamba imepita kwenye paji la uso, mzigo umelala mgongoni. Katika maisha ya namna hiyo maumivu ya mgongo hayatafutiwi sababu. Sababu yaonekana kwa macho. Mtu hukandwa kwa maji ya moto, hupumzishwa siku mbili, kisha hurudi shambani. Hata uvimbe utokeapo, husemwa kwamba mzigo umemvunja, au kwamba ametupiwa kitu na adui. Kwa kweli uvimbe huo ni dalili iliyochelewa. Bakteria huzila pingili za uti polepole, mara nyingi bila kikohozi chochote. Pingili zikiporomoka, mfupa huchomoza nyuma ukawa kigongo kigumu. Pengine usaha hujikusanya kando ya uti, ukafanya uvimbe laini usio na joto wala wekundu. Anayeuchanja kwa wembe akidhani ni jipu la kawaida aweza kumwachia mgonjwa donda ndugu. Na mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti ikibanwa, miguu hulegea.

Kulegea huko kulielezwa na Percivall Pott, mpasuaji wa London, mwaka 1779, ingawa hakujua kisababishi. Robert Koch alimtambulisha bakteria mwenyewe mwaka 1882 (mwaka huohuo, na mwanaisimu hawezi kuacha kulitaja, ilichapishwa kamusi ya Kiswahili ya Krapf). Mwaka 1910 Elliot Smith na Ruffer walieleza maiti iliyohifadhiwa ya kuhani mmoja wa Amun katika Misri ya kale, yenye kigongo na alama za jipu lilelile la usaha.

Ama kuhusu bara letu, waandishi wengi wa zama za ukoloni walishika rai kwamba kifua kikuu kililetwa na wageni. Rai hiyo haikukosa msingi. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858, walikuta soko la pembe na watumwa limekwisha kuimarika. Njia za misafara, kisha kambi za wafanyakazi na miji, bila shaka zilisambaza maradhi. Lakini mwaka 2020 watafiti walitangaza tawi la bakteria wa kifua kikuu, lililopatikana kwa wagonjwa wa Rwanda na Uganda, ambalo lilijitenga kabla ya matawi mengine yote yaliyokuwa yakijulikana. Kutoka Uvira hadi Rwanda ni kupanda bonde la Ruzizi tu. Kwa maoni yetu, rai ya kuwa ugonjwa huu ni mgeni haitoshi tena.

Turudi kwenye lugha. Kigongo chatokana na mgongo, nao Warundi, majirani zetu, husema umugongo. Kibiongo ni mtu aliyepinda mgongo, na kiambishi chake ki- kinamweka safu moja na kipofu, kiziwi na kiwete: hali ya kudumu, si ugonjwa unaoendelea. Maneno haya yanataja umbo lililokwisha kutokea. Ile miezi ya maumivu iliyotangulia haina jina. Upande wa pili, istilahi kifua kikuu imelifungia gonjwa kifuani. Mgonjwa asiyekohoa akiambiwa ana kifua kikuu cha mgongo huuliza, tena kwa haki, kifua kimefikaje huko nyuma. Igituntu cha Kirundi na Kinyarwanda hakimtatizi mtu hivyo, maana hakitaji kifua.

Suala hili si la kamusi peke yake. Tangu kuvumbuliwa kwa streptomisini mwaka 1943, isoniazidi kuanza kutumika mwaka 1952 na rifampisini kufuata, ugonjwa huu hupona, mara nyingi bila upasuaji, mradi utambuliwe mapema na dawa zitumiwe kwa miezi 6, pengine hadi 12, pasipo kukatizwa. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Vita vikaendelea, vikarudi tena mwaka 1998, na watu kwa maelfu wakavuka ziwa kuelekea Kigoma. Katika safari kama hiyo, mgonjwa ambaye miguu imekwisha kulegea hubebwa mgongoni mwa ndugu yake, na mzigo wa chakula huachwa njiani.