Karakana Tembezi ya Boulingi: Jina Lifuate Kazi

Katika boulingi ya pini kumi, Wamarekani wana biashara wanayoiita "pro shop", ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya ukumbi wa mchezo. Baadhi ya mafundi wameihamishia kwenye gari au trela na kuiita "mobile pro shop". Msemaji wa Kiswahili anayeishi huko na kutaka kuifungua, au mfasiri anayeandika habari zake, hukimbilia kusema "duka la vifaa vya boulingi linalotembea". Napendekeza tuseme "karakana tembezi ya boulingi". Neno duka linaficha kazi ya ufundi inayofanyika humo, na anayeingia akiamini kwamba anafungua duka atajaza shehena ya bidhaa kabla hajajifunza ufundi utakaomlisha.

Jina la Kiingereza lilitoka kwenye gofu. Huko Uskoti katika karne ya 19, mtaalamu wa klabu kama Tom Morris wa St Andrews alitengeneza fimbo na mipira mwenyewe na kuwauzia wachezaji, hivyo ufundi na uuzaji vilikaa mahali pamoja. Boulingi iliazima jina hilo, ila bidhaa yake kuu ni ya namna nyingine. Mpira wa gofu ukinunuliwa asubuhi unachezwa asubuhi hiyohiyo, lakini tufe jipya la boulingi kwa kawaida huuzwa likiwa zima, bila tundu hata moja. Ninaliita tufe, wala si mpira, kwa kuwa riadha imekwisha kutuzoesha neno hilo kwa kitu kizito cha duara. Hata uzito unalingana: tufe la wanaume katika riadha ni kilo 7.26, yaani ratili 16, na huo ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika boulingi. Mpaka fundi alitoboe, tufe hilo haliwezi kushikwa wala kurushwa ipasavyo.

Utoboaji huanzia mkononi mwa mchezaji. Fundi hupima umbali kutoka ukingo wa tundu la gumba hadi ukingo wa tundu la kidole cha kati, kisha hadi la kidole cha pete, kwa sababu vipimo hivyo viwili mara nyingi hutofautiana. Hapa Kiswahili kina akiba nzuri. Wazee walipima kwa shibiri, yaani kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na kwa futuri, kutoka gumba hadi kidole cha shahada. Shibiri inafaa kabisa kupanuliwa maana ichukue kipimo hiki. Baada ya shibiri huja mwinamo, yaani jinsi tundu linavyoelekea kitovu cha tufe au kukikwepa. Shibiri ikizidi, mkono hunyooshwa kupita kiasi, gumba hukwama na ngozi huchubuka. Ikipungua, mchezaji hulazimika kulibana tufe lisimponyoke. Tundu lililokosewa huzibwa kwa resini, hungojewa mpaka ikauke na kushika, ndipo hutobolewa upya. Kanuni nazo zimeubana uhuru wa fundi: tangu Agosti 2020, shirika la USBC linalosimamia boulingi Marekani halikubali tundu la ziada la kusawazisha uzito katika mashindano yake. Matundu yanayobaki ni ya kushikia tu, kwa hiyo mpangilio wake lazima uwe sahihi tangu mwanzo.

Matengenezo nayo hayaishi. Matufe ya resini yaliyoenea kuanzia miaka ya 1990 hunywa mafuta yanayopakwa kwenye njia ya kuchezea, na kadiri yanavyoyanywa ndivyo yanavyopoteza mshiko wake. Fundi huyatoa mafuta hayo, hupiga uso wa tufe msasa, huziba nyufa na kubadili vipachiko vya ndani ya matundu ya vidole vilivyolika. Huduma hizi zote hudai mashine, kipimo na mkono uliozoea. Wakati huohuo, upande wa duka umehamia kwenye intaneti: mchezaji anaagiza tufe akiwa nyumbani kwake na kuletewa mlangoni likiwa bado halijatobolewa. Mauzo yamempita fundi wa mtaani, lakini mkono wa mnunuzi bado unangoja kupimwa.

Sababu ya karakana kutembea inapatikana katika historia ya mchezo wenyewe. Mwanasayansi ya siasa wa Marekani Robert Putnam, katika makala yake ya mwaka 1995, alionyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 idadi ya wachezaji wa boulingi Marekani iliongezeka kwa asilimia 10, huku uchezaji wa ligi ukishuka kwa asilimia 40. Mchezaji wa ligi hurudi kila wiki na humiliki tufe lake. Anayekuja na familia mara moja hutumia tufe la ukumbi. Ligi zinapopungua, wateja wa fundi katika ukumbi mmoja huenda wasitoshe kulipa kodi ya chumba, ingawa wateja wa kumbi tatu au nne za jirani, wakijumlishwa, wanaweza kumpa kazi ya wiki nzima.

Wapo watakaosema tuandike "proshopu" tukaendelea na mambo mengine. Kanuni iliyozoeleka ya uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tukope nje. Na hapa neno tunalo. "Proshopu" haimwambii msomaji kinachofanyika, ilhali karakana humwonyesha mashine na fundi mara moja. Wengine watachagua "huduma ya mkoba", iliyozoeleka katika afya nchini Tanzania. Ni msemo mzuri, lakini humfanya mtu afikirie vifaa vinavyobebeka begani, na mashine ya kutobolea haibebeki hivyo. "Tembezi" tayari tunaisikia katika kliniki tembezi, hivyo haitamshangaza yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi inayohitaji usahihi haiwezi kufanyika ndani ya gari. Ingekuwa kweli kama fundi angetoboa gari likienda. Karakana hutembea baina ya vituo; ikifika hutulizwa kwa jeki, sakafu huhakikiwa kwa pimamaji, mashine hupata umeme wa kutosha, na tufe hupimwa mahali pasipo upepo. Mipaka ipo, na mwanzilishi lazima aizingatie. Tundu lililozibwa haliwezi kuharakishwa, kwa hiyo mteja aambiwe mapema kwamba tufe litalala karakanani. Pia kanuni za USBC haziruhusu kupiga tufe msasa mashindano yakiendelea, hivyo fundi afike kabla ya mchezo kuanza. Ukumbi wenye fundi wake usiingiwe bila makubaliano ya maandishi.

Kwa kuwa hii ni karakana na si duka, mtaji una mfuatano wake. Kwanza yaje mafunzo chini ya fundi mwenye uzoefu, kisha mashine ya kutobolea, vifaa vya kupimia mkono, mizani na mashine ya msasa. Gari lifuate, pamoja na bima inayogusa mali ya wateja. Matufe ya kuuza yaje mwisho, tena machache, kwa kuwa tufe lililokaa rafuni ni fedha iliyolala. Anayeliita jambo hili duka ataugeuza mfuatano huo juu chini na kulipia kosa lake mapema. Nawaomba wafasiri, wanahabari na wajasiriamali watumie "karakana tembezi ya boulingi", na anayeanza ajifunze kupima shibiri ya mteja kabla hajanunua gari.