Muuguzi Anayehofu Kuwa Alikosea Sindano: Nini Kinamlazimu?

SWALI:

Mimi ni muuguzi Kitendaguro, Bukoba. Aliletwa mgonjwa hali yake ikiwa mbaya, nikamchoma sindano kama alivyoandikiwa. Siku ya pili akafariki. Tangu hapo najiuliza kama dozi niliipima sawasawa, na sina uhakika. Je, nawajibika kafara?

JIBU:

AlhamduliLlaah. Rahmah na amani zimshukie Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam).

Ndugu yetu katika Iymaan, pole kwa mtihani huu. Hukmu yake inategemea uko katika hali ipi kati ya hizi tatu:

1. Mjuzi asiyekosea. Katika Hadiyth iliyopokewa na Abu Daawuwd, An-Nasaaiy na Ibn Maajah, Mtume amembebesha dhamana anayetibu watu bila kujulikana kuwa ana ujuzi wa tiba. Ama aliyesomea, akaruhusiwa, akafanya kazi inavyotakiwa, Wanachuoni wamesema hadaiwi kitu hata mgonjwa akifariki.

2. Aliyekosea kwa yakini. Ujuzi hauondoi dhamana ya kosa la mkono. Ikithibitika kuwa dawa siyo au dozi iliyozidi ndiyo iliyoua, hana dhambi ya makusudi, lakini haki za watu zinabaki. Suwrat An-Nisaa (4:92) imewajibisha diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa Muumini. Asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Madhara yasiyofika kifo yana fidia, hayana kafara.

3. Mwenye shaka. Asili ni mtu kutokuwa na deni, na yakini haiondoki kwa shaka. Mgonjwa wako alikuja taabani, na huenda maradhi yenyewe ndiyo sababu. Hata hivyo, usiifumbie macho shaka yako. Soma faili, linganisha dawa iliyoandikwa na uliyotoa, kisha mweleze mganga mfawidhi. Kosa likithibitika, rejea hali ya pili na umwendee Shaykh mjuzi. Lisipothibitika, huna diya wala kafara. Kinachobaki ni wasiwasi tu, usiufuate.

Kuficha kosa ni khiyana, na huenda kukamnyima mgonjwa nafasi ya kuokolewa. Aliyepatwa na mzio mkali baada ya sindano anahitaji adrenalini haraka. Kila dakika ina thamani. Tanzania Bara, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ina Baraza linalosimamia mwenendo wa wauguzi.

Kabla ya kuchoma, hakiki mambo matano: mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati. Muulize kama kuna dawa inayomdhuru. Sindano ya tako ichomwe robo ya juu upande wa nje, kuukwepa mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni.

Nanyi familia, mna haki ya kuuliza na kuelezwa. Lakini msimwite muuguzi muuaji kabla ya uchunguzi.

Wa Allaahu A‘lam.