Sanaa na Shule Zake Kwetu Lubumbashi

Kijana wa Ruashi akimaliza shule ya sekondari na kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kusoma udaktari, nyumba nzima hufurahi. Akitaja sheria au kazi ya migodi, hapo pia watu huitikia vema. Lakini akisema, "Nataka kusoma sanaa: kuchora, kuchonga, muziki na maigizo," baba hunyamaza, na mama huuliza, "Sasa utakula nini?" Swali la mama si la upuuzi, maana fedha za masomo hutoka jasho. Lakini, ndugu wasomaji, kabla ya kumjibu kijana huyo, yafaa tujue habari za mji wetu wenyewe, kwa sababu mambo haya hayakuanza jana.

Zamani za wazee wetu hapakuwa na jengo lililoitwa shule ya sanaa. Hata hivyo mafunzo yalikuwapo. Mtoto alikaa karibu na fundi mchongaji, akitazama mikono yake, akishika tezo, akikosea na kurudia, hata siku moja fundi akamwachia mti aumalize peke yake. Vivyo hivyo kwa mpiga ngoma na kwa mwimbaji. Kisha ukaja mji. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na watu wakaja kutoka pande nyingi kufanya kazi. Fundi akabaki kijijini, mtoto akakulia mjini. Uzi uliomfunga mwanafunzi na mwalimu wake ukakatika.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua hapa mahali pa kuchorea palipoitwa Le Hangar, maana yake banda. Akawakusanya vijana, akawapa rangi na karatasi, akawakataza jambo moja: wasiige picha za Ulaya. Aliwataka watazame maji, majani, samaki na wanyama, kisha kila mmoja atafute njia yake. Matunda yalionekana. Pili Pili Mulongoy alichora samaki na ndege kana kwamba amelala kando ya mto akiwachungulia. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi mifupi, iliyopangwa kama ukili wa mkeka. Bela aliweka rangi kwa ncha za vidole vyake. Hakuna aliyefanana na mwenzake.

Hapo panatupasa kufikiri kidogo. Mwalimu huyo aliwapenda wanafunzi wake, na katazo lake liliwalinda wasiwe waigaji tu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuziona picha za Ulaya, kuzijua hakukumdhuru. Mtu anayekuficha kitabu alichokisoma yeye, hata akifanya hivyo kwa mapendo, anakuweka bado katika hali ya mtoto. Banda lilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Mlango huo wa pili ulianza kufunguliwa mwaka 1951, Mbelgiji Laurent Moonens alipoanzisha Académie des Beaux-Arts papa hapa mjini. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wanafunzi wake walipokelewa huko, na Pili Pili na Mwenze wakawa waalimu. Tazama jambo hilo, msomaji mpenzi: wale waliokaa bandani kama wanafunzi, sasa walisimama mbele ya vijana wa Kongo kama mabwana wa kazi yao. Ule uzi uliokatika ukaanza kufungwa tena. Kutoka Académie hiyo alitokea Mode Muntu, ambaye watu wake, weusi na wembamba kama vivuli, humfanya mtazamaji asimame kimya.

Upande wa Léopoldville kazi ilianzia mikononi mwa mtawa. Bruda Marc-Stanislas, wa Mabruda wa Shule za Kikristo, alifungua shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ikahamia mjini, na mwaka 1957 ikaitwa Académie des Beaux-Arts. Ndiyo inayojulikana leo katika Kinshasa.

Na muziki? Padri Anschaire Lamoral, Mbenedikto, alianzisha hapa mjini kwaya ya vijana iliyokuja kuitwa Croix de Cuivre, yaani Msalaba wa Shaba. Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki aliyetoka seminari, alitunga Misa ya Katanga, akiyavika maneno ya Kilatini sauti za kwetu. Huko Kamina Padri Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Misa Luba mwaka 1958. Wala elimu ya muziki haikumfanya Kiwele asahau ngoma. Ilimpa uwezo wa kuiandika.

Sasa tuje kwenye chuo kikuu. Chetu kilifunguliwa mwaka 1956. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifundisha humo Johannes Fabian, mtaalamu wa desturi za watu. Yeye hakungoja wachoraji waje chuoni; aliwafuata mitaani. Akakutana na Tshibumba Kanda Matulu, kijana ambaye hakusoma Académie yoyote, aliyeuza picha zake ili ale. Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea historia nzima ya nchi yetu katika picha zipatazo mia moja, akieleza kila moja kwa Kiswahili cha hapa hapa Katanga. Mwaka 1986 Fabian huyo alifuata hatua kwa hatua jinsi kundi la Mufwankolo lilivyotunga mchezo wa kuigiza kutoka katika methali moja, bila kuandika kwanza maneno ya wachezaji.

Huko Dar es Salaam walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1967 chuo kikuu chao kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho, na ngoma na hadithi zikawa masomo ya darasani. Ebrahim Hussein, aliyetunga Kinjeketile mwaka 1969, na Penina Muhando walifundisha huko, nao waliandika michezo yao kwa Kiswahili.

Basi, historia hii inatufundisha nini? Kwanza, sanaa haiahidi mkate, na asiyekubali hilo amdanganye mtu mwingine. Pili Pili aliishi hata uzeeni akiheshimiwa. Tshibumba alipotea baada ya mwaka 1981, na hakuna ajuaye mwisho wake. Pili, shule nzuri ya sanaa ni ile inayokwenda kwa fundi kujifunza kabla ya kumfundisha. Tatu, tukikosa watu waliosoma kazi hii, wengine watatutunzia mali yetu na kutueleza maana yake. Zile picha za Tshibumba ziko Amsterdam. Tunamshukuru aliyezitunza, hata hivyo mtoto wa Ruashi anayetaka kuona historia ya nchi yake kama ilivyochorwa na mtu wa kwao, kwa lugha ya kwao, inampasa avuke bahari.

Lakini uzi haukukatika kabisa. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1978, alisoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyobomoka, hata wazee wetu wakaonekana wamesimama tena mahali pa kazi yao. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya Picha, ambayo huwaleta wasanii wa nchi nyingi Lubumbashi. Kijana aliyejua kushika kamera tu asingeweza kazi hiyo. Ilitaka pia mtu aliyejifunza kupekua hati za zamani na kuuliza zilifichwa nini.

Wazazi wakiuliza mtoto atakula nini, waulize pia: nani atawakumbuka?