Kabare za Kinama

Kufungua kabare, yaani baa ndogo, huko Kinama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, hakujawahi kudai mtaji mkubwa: chumba cha mbele, mabenchi mawili, jiko la mishikaki ya mbuzi na makreti ya chupa tupu. Hizo tupu ndizo mtaji wenyewe, kwani usipozirudisha hupewi zilizojaa. Bia hutoka Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Mteja akikaa huulizwa Primus au Amstel, kisha baridi au ya moto, na hilo la pili lina wabishi wake. Asiyemudu chupa yuko kwenye urwarwa, pombe ya ndizi, wala hadharauliwi.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, usiku wa Bujumbura ukawa mali ya wenye bunduki. Amri ya kutotoka usiku iliyowekwa wakati huo ilikuja kuondolewa Aprili 2006. Kwa biashara inayoishi kwa giza, hiyo ni miaka mingi.

Lakini Kinama ilionja zaidi. Mwishoni mwa Februari 2001 wapiganaji wa kundi la waasi la FNL waliingia mtaani na kukaa humo siku kadhaa, jeshi likajibu kwa mizinga, na makumi ya maelfu ya watu wakatoka na walichoweza kubeba. Kreti la chupa si kitu cha kukimbia nacho. Hata hivyo watu waliporudi, kabare zilirudi nao. Februari 2014 ikawa zamu ya maji: mvua ya usiku mmoja ilishusha matope kutoka milimani, ikabomoa nyumba za kaskazini mwa jiji, Kinama ikiwamo. Mwaka uliofuata, ghasia za muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza zilileta maguruneti hadi kwenye baa, na wanywaji wakajifunza kuwahi nyumbani.

Nionalo la ajabu ni kwamba kilichokuja kuzibana kabare hizi hakina mlio. Fedha za kigeni zimeadimika, mafuta yameadimika, na Brarudi, inayohitaji malighafi kutoka nje, haitoshelezi tena. Wapo wanaodhani ni shida ya walevi tu. Hao hawajawahi kupeleka posa Burundi, ambako mazungumzo ya mahari hayaendi bila bia, na ambako deni, kazi na ugomvi wa majirani humalizwa mezani. Sasa mwenye kabare ana tupu zake kamili, tayari kuzirudisha, na mwenye ghala hana zilizojaa za kumpa.