Ngozi Yetu, Viatu vya Wenzetu

Kariakoo, hasa kando ya Mtaa wa Msimbazi ambako viatu hutandazwa chini kama mahindi yaliyoanikwa, nimesikia mara nyingi hoja moja: kwamba mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vyetu vya viatu. Wasemao hivyo ni watu wa heshima zao, na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani. Lakini mimi nilifundisha historia katika chuo cha ualimu, na jambo la kwanza tulilowahimiza walimu watarajiwa lilikuwa kuyapanga matukio kwa miaka yake kabla ya kutafuta sababu. Tukifanya hivyo kwa viatu, hoja hiyo inapwaya.

Tuanze na mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa hisa nyingi katika makampuni kadhaa, mojawapo likiwa la Bata, ambalo baadaye tulilijua kwa jina la Bora. Hicho kilikuwa kiwanda kisicho na makuu. Kilitengeneza viatu vya mtu wa kawaida, na kiatu cheusi cha shule cha siku zile kilidumu kuliko subira ya mtoto aliyekivaa.

Kisha likaja wazo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, tulianza kujenga Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ilikuwa iuzwe Ulaya. Wazo lenyewe lilivutia: tunao ng'ombe, tunao vijana wenye nguvu, basi kwa nini tuuze ngozi na kununua viatu? Hata leo naona swali hilo lilikuwa halali. Jibu ndilo lililokwenda upande.

Uzalishaji ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Maana yake ni chini ya jozi 200,000 kwa mwaka, katika nchi iliyokuwa imehesabu watu wapatao milioni 17.5 katika sensa ya mwaka 1978. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na hewa haba, kana kwamba Morogoro iko kwenye theluji. Mashine zilikuwa za kisasa, lakini vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni, nazo fedha hizo zilikuwa zimekauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979. Bei ya mafuta nayo ikapaa. Wanunuzi wa Ulaya, ambao kwa ajili yao kila kitu kilipangwa, hawakutokea. Mwaka 1990 kiwanda kikafungwa.

Sasa tuitazame mitumba. Ni bajeti ya mwaka 1984 iliyolegeza biashara, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na hapo ndipo mafurushi ya nguo na viatu yalipoanza kumiminika. Mwaka mmoja kabla yake, nikiwa mkufunzi kijana, nilikuwa nikiwaona wanachuo wakiingia darasani na katambuga za matairi ya gari, nasi tuliisitisha kimya kimya kanuni ya viatu vyeusi. Viatu vilipatikana kwa mgawo, tena kwa kubahatisha, na aliyepewa namba 9 ilhali mguu wake ni namba 7 alishukuru akatafuta vitambaa vya kujazia. Mitumba ilikuta miguu mitupu. Baadaye, sikatai, ilizuia viwanda visiinuke tena, na hilo ni kosa tofauti linalohitaji hukumu yake.

Na ngozi zenyewe je? Wengi huzihesabu ng'ombe kwa vichwa na kudhani wamehesabu viatu. Ngozi huanza kuharibika mnyama angali hai: kupe, miiba ya malishoni, chapa za moto zinazopigwa ubavuni, yaani mahali penyewe panapotoa ngozi nzuri. Kisu cha mchunaji humalizia kwa kuitoboa, kisha ikakaa juani bila chumvi. Italia, ambayo viatu vyake tunavistahi, huagiza sehemu kubwa ya ngozi zake kutoka nje. Faida yake ni kwamba mtengeneza soli, mtengeneza vifungo, mchonga kalibu na mbunifu wa mitindo ni majirani. Sisi tulinunua mashine bila majirani zake.

Viwanda vya umma vya kusindika ngozi vya Moshi, Mwanza na Morogoro vilipouzwa katika miaka ya 1990, ngozi nyingi zikawa zinakwenda nje zikiwa mbichi. Mwaka 2003 serikali ilianza kuzitoza ushuru ili zibaki nchini, na ushuru huo ukapandishwa mara kwa mara. Wasindikaji walikuwa wachache mno kuzipokea, na bei ya ngozi duniani ilipoanguka, kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 kuna machinjio yaliyokuwa yakizitupa. Kuzuia mlango wa kutokea si sawa na kufungua karakana. Kiwanda kipya cha Karanga kule Moshi, cha Jeshi la Magereza na Mfuko wa PSSSF, kilichozinduliwa mwaka 2020, angalau kinamtazama kwanza mvaaji aliye karibu, na kwa sababu hiyo nakitakia heri kuliko nilivyokitakia kile cha Morogoro.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro huja Kariakoo kununua viatu kwa jumla. Soko la nje lililotafutwa Ulaya limekuja lenyewe hadi Mtaa wa Congo, linapakia mafurushi na kuondoka, na viatu vingi vilivyomo vimetoka China, vya plastiki na ngozi bandia. Pembeni ameketi fundi wa makubazi, mwenye mikono mizuri kabisa, akikata ngozi kwa kisu alichokinoa mwenyewe. Soli yake imetoka nje. Gundi imetoka nje. Wateja wa Lubumbashi wanampita, maana wanataka jozi 500 za namba zote kufikia Ijumaa, naye kwa siku hutoa chache tu.