Mofini, Athari Zake

Mofini ni dawa ya kutuliza maumivu makali, asili yake utomvu wa mpopi uitwao afyuni. Na mjini Dar es Salaam hutolewa khasa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyorithi hospitali ya zama za Wadachi karibu na ufuo wa bahari.

Athari iliyo kuu, ambayo wagonjwa huona haya kuitaja, ni kufunga choo, kwani dawa hupunguza mwendo wa matumbo; na ilhali kichefuchefu na usingizi aghalabu hupungua baada ya siku chache, hili mwili hauzoei, ndiyo maana tabibu mwenye busara huandika dawa ya kulainisha choo siku ile ile aandikapo mofini. Huwapo pia mwasho, kinywa kukauka na mkojo kuzuilika. Khatari kubwa ni pumzi kufifia, dozi ikizidi au ikichanganywa na pombe ama vidonge vya usingizi. Hapo mgonjwa hukimbizwa hospitali apewe naloksoni. Tramadoli, dawa iliyo jamaa ya mofini, huweza pia kuleta degedege.

Khofu ya uraibu, ambayo jamaa wa mgonjwa huitanguliza kuliko zote, kwa mwenye saratani aliye chini ya uangalizi imetiwa chumvi. Lakini kuikatiza dawa ghafla huleta jasho, mitetemo na kuharisha, hivyo hupunguzwa kidogo kidogo.