Kazi za vuli katika bustani za mboga za Uingereza

Kazi za vuli katika bustani za mboga ni shughuli ambazo wakulima wa nyumbani nchini Uingereza hufanya kati ya mwanzo wa Septemba na mwisho wa Novemba: kuvuna mazao ya mwisho ya majira ya joto, kuyahifadhi, kulinda mboga zitakazobaki ardhini wakati wa baridi, kupanda mazao machache yanayoihitaji baridi yenyewe, na kutunza udongo. Kwa mgeni huonekana kama kazi ya kufunga bustani. Kwa kweli ni katika miezi hiyo ndipo inapoamuliwa kama familia itakuwa na mboga zake mwezi wa Aprili, ambao kwa mkulima wa huko ni mgumu kuliko Januari.

Neno vuli

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari kidogo hapa. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda. Kwa kuwa miezi inakaribiana, neno hilohilo hutumika pia kwa majira ya kupukutika majani katika nchi za kaskazini, ingawa maana yake shambani ni karibu kinyume: mwanga unapungua, joto linashuka, na mimea mingi inakufa au inalala. Katika kizio cha kusini cha dunia, k.m. Afrika Kusini, majira hayo huwa Machi hadi Mei.

Mwanga na jalidi

London iko kwenye latitudo ya takriban digrii 51.5 kaskazini. Karibu na tarehe 22 Septemba mchana na usiku hulingana. Mwishoni mwa Novemba mchana hubaki saa 8 na dakika chache tu, na jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Mchana ukishuka chini ya saa 10, jambo linalotokea mwishoni mwa Oktoba, mimea karibu inaacha kukua hata kama hewa si baridi sana. Hii ndiyo sababu kabichi iliyo ndogo mwishoni mwa Oktoba itabaki ndogo hadi Februari. Mbolea haisaidii, maana kinachokosekana ni mwanga.

Hatari ya pili ni jalidi, yaani umande unaoganda juu ya majani wakati wa usiku usio na mawingu. Kwa kawaida huanza kuonekana Oktoba au Novemba, mapema zaidi mabondeni na Uskoti, baadaye mijini na karibu na bahari. Usiku mmoja wa jalidi unatosha kuua maboga, nyanya, maharage na viazi vitamu: maji yaliyo ndani ya seli huganda, na asubuhi majani yamelegea na kuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Lakini si mimea yote inayodhurika. Parsnipi, mzizi mweupe unaofanana na karoti, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari baridi inapoingia, kwa sababu maji yenye sukari hayagandi upesi. Kwa hiyo wenyeji husubiri jalidi ya kwanza ipite ndipo wang'oe. Vivyo hivyo kwa keli, ndugu wa karibu wa sukuma wiki yetu (zote ni Brassica oleracea), ambayo huwa tamu zaidi baada ya baridi. Vitunguu liki na kabichi ndogo za Brussels nazo hubaki ardhini na kuvunwa kidogo kidogo hadi Machi.

Kuvuna na kuhifadhi

Viazi mviringo vya msimu mrefu huchimbwa Septemba na Oktoba. Kama majani yamepata bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioleta njaa kuu ya Ireland kuanzia mwaka 1845, mashina hukatwa na kuondolewa shambani, kisha viazi huachwa ardhini wiki mbili hivi ili ngozi ikomae na vimelea vilivyo juu ya udongo vipungue. Baada ya kukaushwa kwa saa chache hutiwa katika mifuko ya karatasi au magunia na kuwekwa gizani, kwa maana mwanga huvifanya kuwa vya kijani na kuzalisha sumu ya solanini. Kiazi kimoja kilichooza kikiachwa ndani ya gunia huweza kuharibu gunia zima, kwa hiyo huchambuliwa kila baada ya wiki chache. Kazi hii haipendwi na mtu, nayo ndiyo husahauliwa kwanza.

Maboga hukatwa pamoja na kipande cha kikonyo na kuanikwa juani siku 10 hivi ili ganda ligumu. Boga lililovunjika kikonyo lisiwekwe akibani, liliwe mapema. Karoti na viazisukari vyekundu hupangwa ndani ya masanduku ya mchanga wenye unyevu kidogo. Nyanya zilizobaki mbichi huingizwa ndani. Wengi huziweka kwenye droo pamoja na ndizi iliyoiva, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Zisizoiva kabisa hupikwa chatne pamoja na siki, sukari na vitunguu. Chatne, pamoja na jina lake, Waingereza waliichukua Bara Hindi, kama ilivyotokea katika mapishi ya pwani yetu.

Kupanda

Zao kuu la kupandwa wakati huu ni kitunguu saumu. Punje hutenganishwa na kupandwa Oktoba au Novemba, ncha ikiwa juu na chini ya udongo kwa sentimita 2 hadi 3, nafasi ya sentimita 15 kati ya punje na punje. Kinahitaji mwezi mmoja au miwili ya baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Kikikosa baridi hiyo hakigawanyiki, bali hutoa tunguu moja la duara lisilo na punje. Huvunwa Juni au Julai.

Maharage mapana (Vicia faba) ya aina zinazovumilia baridi, kama Aquadulce Claudia, hupandwa Novemba kwa kina cha sentimita 5. Huota, husimama yakiwa na urefu wa kidole kipindi chote cha baridi, kisha huvunwa mwishoni mwa Mei au Juni, mapema kuliko yale yanayopandwa Machi.

Tarehe hizo za mavuno ndizo zenye uzito. Aprili hadi mwanzo wa Juni Waingereza huita pengo la njaa: viazi vya akiba vimechipua, kabichi za baridi zimeanza kutoa maua, na mbegu zilizopandwa majira ya kuchipua bado ni miche. Mtu wa mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua anaujua uhaba wa namna hiyo, ila kwake huja kati ya Januari na Machi. Dawa ni kuwa na mimea iliyokwisha kushika mizizi kabla ya baridi: maharage hayo, vitunguu vya vuli, na brokoli ya zambarau, ambayo hupandwa mwanzoni mwa majira ya joto na kutoa machipukizi Februari hadi Aprili. Brokoli hiyo hufunikwa kwa nyavu kuanzia vuli, la sivyo njiwa pori huimaliza.

Serikali ilipoanzisha kampeni ya kulima bustani katika vuli ya mwaka 1939, baada ya Vita Kuu ya Pili kuanza, mpango wake wa upandaji ulisisitiza mboga za baridi, maana watu wengi walilima za majira ya joto tu.

Udongo

Juu ya udongo kuna ubishi wa muda mrefu. Desturi ya zamani ni kulima kwa sepetu wakati wa vuli, hasa udongo mzito wa mfinyanzi, na kuacha mabonge wazi ili jalidi iyavunje. Wengine, wakiongozwa na mkulima na mwandishi Charles Dowding wa Somerset tangu miaka ya 1980, hawalimi kabisa: hutandaza mboji ya sentimita chache juu ya ardhi na kuwaachia minyoo kazi. Kwa bustani ndogo njia ya pili ina nguvu, maana haipandishi mbegu za magugu juu. Shida yake ni wingi wa mboji inayohitajika mwaka wa kwanza.

Pande zote mbili zinakubaliana kwamba udongo usiachwe uchi kwenye mvua za baridi, ambazo huosha nitrojeni. Aliyemaliza kuvuna mapema hupanda shayiri nyeusi (Secale cereale) kama mbolea ya kijani, kama vile baadhi ya wakulima wa Tanzania wanavyotumia marejea. Majani yaliyopukutika hukusanywa ndani ya uzio wa waya na kuachwa mwaka mmoja au miwili hadi yawe mboji laini. Mahali patakapopandwa kabichi huwekwa chokaa ili kupunguza ugonjwa wa kuvimba mizizi, ambao vimelea vyake huweza kuishi ardhini hadi miaka 20. Chokaa isiwekwe pamoja na samadi mbichi, kwani nitrojeni hupotea hewani kama amonia.

Maisha ya kila siku

Wengi wasio na uwanja hukodi kiwanja cha mboga kutoka halmashauri. Kipimo cha kale ni takriban mita za mraba 250. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kutoa viwanja hivyo panapokuwa na mahitaji. Huko Uingereza yenyewe na Wales, mpangaji hupewa notisi ya kuondoka ya miezi 12 au zaidi, nayo haiwezi kuisha katikati ya msimu: ni lazima iishe tarehe 6 Aprili au kabla yake, au tarehe 29 Septemba au baada yake, ili mtu asitolewe mazao yakiwa yamesimama.

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba kazi hufanywa wikendi, kwa kuwa baada ya saa kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, anayerudi kutoka kazini hukuta giza. Watu huleta chai katika chupa, hugawana maboga yaliyozidi, na makanisa mengi hupambwa kwa mazao kwa ajili ya ibada ya mavuno. Kabla ya mioto ya tarehe 5 Novemba, marundo ya matawi makavu huhamishwa kwanza, maana kalunguyeye, mlaji wa koa na rafiki wa bustani, huyaingia akitafuta mahali pa kulala hadi Machi.